Reli za Vioo kwa Nyumba za Mombasa: Kagua Chuma Kabla ya Kioo

Anayepita leo Nyali, Kizingo au barabara ya kuelekea Shanzu ataona kwamba reli ya kioo, yaani kizuizi cha ukingo wa roshani au ngazi, imechukua nafasi ya ile ya chuma cha kupakwa rangi katika maghorofa mengi mapya, na hata nyumba za zamani zinazokarabatiwa huko Tudor na Ganjoni zimeanza kung'olewa vyuma na kuwekwa vioo. Nimezitazama reli hizi kwa karibu, kwanza nilipokuwa nikitafuta za roshani na ngazi za nyumba yetu ya Tudor, kisha katika nyumba za jamaa na marafiki ambako zimeshapitiwa na misimu kadhaa ya kusi na kaskazi. Tathmini yangu yote inazunguka jambo moja: katika mji huu kinachoharibika mapema si kioo, bali ni kile kinachokishika kioo. Muuzaji atakuonyesha kioo kwa sababu ndicho kinachong'aa. Mnunuzi naye aanze na chuma, boliti, raba na gundi.

Kioo chenyewe nitakimaliza upesi, kwa kuwa hapo hakuna ubishi mkubwa. Kioo cha kawaida cha dirisha hakifai kwa reli hata kikiwa kinene, maana kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye makali ya kisu. Kinachotakiwa ni kile ambacho mafundi hukiita tempa, yaani kioo kilichopashwa moto tanuruni kupita nyuzi 600 za Selsiasi kisha kikapozwa ghafla kwa upepo mkali, kikapata nguvu kama mara nne ya kioo cha kawaida, na kikivunjika kinamwagika punje butu. Baada ya kutoka tanuruni hakikatwi wala hakitobolewi tena. Kila tundu na kila kona hukamilishwa kabla ya moto, kwa hiyo fundi akikosea kipimo kwa sentimita moja, kioo hicho hakirekebishiki na kingine hutengenezwa upya. Kona ya kioo cha tempa cha kuaminika huwa na muhuri mdogo usiofutika unaotaja mtengenezaji na kiwango kilichofuatwa, na ukivaa miwani ya jua ya polaroidi ukakitazama asubuhi au jioni, utaona mabaka au mistari hafifu ambayo kioo cha kawaida hakina. Ni kipimo kisichogharimu kitu, nami nimewahi kukitumia mbele ya muuzaji mmoja ambaye muhuri wa kioo chake ulikuwa ni karatasi ya kubandika.

Tempa peke yake, hata hivyo, ina kasoro ambayo wauzaji huipitia haraka. Mara chache ndani ya kioo hubaki chembe ndogo za salfaidi ya nikeli, na chembe hizo zinaweza kukipasua kioo bila kuguswa, miezi au miaka baada ya kufungwa. Kiwanda makini hukipasha tena moto kioo kilichokwisha kutengenezwa ili kile chenye chembe kipasukie hukohuko kiwandani, lakini kwa roshani ya ghorofani njia ya uhakika zaidi ni kioo cha tabaka mbili, ambacho mafundi hukiita lamineti: vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki katikati. Kikipasuka hubaki mahali pake kikiwa kimeshikwa na utando, mtoto hadondoki na aliye chini hamwagikiwi. Nchini Marekani, kanuni ya ujenzi ya mwaka 2015 ilianza kudai kioo cha tabaka kwa reli za namna hii, isipokuwa pale ambapo chini hakuna mahali pa watu kupita. Kwa hiyo, kwa ngazi za ndani zenye nguzo na mshikio imara juu, mimi naridhika na tempa ya milimita 10 au 12. Kwa roshani inayoning'inia juu ya njia au juu ya ua wanamochezea watoto, sikubali chochote ila tabaka. Mnunuzi akumbuke pia uzito: kioo cha milimita 12 kina kilo 30 kwa kila mita ya mraba, na mzigo huo wote hubebwa na vile vyuma vidogo ambavyo hakuna anayeviuliza.

Sasa tuingie kwenye vyuma. Karibu kila karakana niliyoingia, kuanzia Changamwe hadi Bamburi, hunadi chuma cha pua, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, na neno hilo hufunika vitu vitatu tofauti kabisa. Kuna daraja la 201, ambalo lina nikeli kidogo na ni rahisi kwa bei. Kuna 304, linalotumika kwa masufuria na masinki na linalofaa sana bara. Na kuna 316, lenye asilimia 2 hadi 3 ya molibdeni, madini ambayo ndiyo huzuia chumvi ya bahari isitoboe ngozi ya chuma. Kwa macho havitofautiani hata kidogo vikiwa vipya. Katika karakana moja kijana alichukua sumaku, akaigusisha kwenye nguzo, ikaanguka, akaniambia kwa furaha, "Mzee wangu, umeona? Haishiki. Hii ndiyo yenyewe ya baharini." Sikumlaumu, maana ndivyo alivyofundishwa, lakini sumaku haitofautishi madaraja hayo matatu, yote kwa kawaida hayavutwi. Kinachotofautisha ni cheti cha kiwanda kinachoonyesha viungo vya chuma, au matone ya kupimia molibdeni ambayo hubadilisha rangi juu ya 316 na hayabadiliki juu ya 304. Karakana iliyonipendeza kuliko zote ilikuwa na chupa ya matone hayo juu ya meza, na mwenyewe alinipa kipande cha bomba niende nacho nyumbani. Nilikining'iniza kwenye ukuta wa jamaa yangu Nyali unaoelekea baharini, kando ya kipande nilichopewa kwingine kwa jina hilohilo la chuma cha baharini. Msimu wa kusi haukuwa umekwisha, na kipande cha pili kilikuwa tayari kina madoa ya rangi ya chai, hasa pale kilipokatwa.

Madoa hayo yanastahili kuelezwa, kwa sababu yana tabia inayowashangaza wengi. Mtu hudhani kwamba reli inayonyeshewa ndiyo itakayoharibika kwanza, kumbe ni kinyume. Upepo wa kusi huleta ukungu wa chumvi kila mahali. Reli iliyo wazi huoshwa na mvua za masika, lakini ile iliyo chini ya paa, kwenye roshani ya ndani ambayo mvua haifiki, hubaki imelimbikiza chumvi hiyo juma baada ya juma, na unyevu wa usiku huiyeyusha ikaanza kula chuma. Nimeona nyumba Bamburi ambamo reli ya juu kabisa, iliyopigwa na mvua miaka yote, imebaki nyeupe, na ile ya chini yake iliyokingwa imegeuka kahawia kwenye kila maungio. Maungio ndiyo mahali pa kutazama. Pale palipochomelewa na kuachwa bila kusafishwa kwa dawa ya asidi hushika kutu kwanza hata kama chuma ni 316, na vilevile fundi anayekata mageti ya chuma cha kawaida na mabomba ya chuma cha pua kwa diski moja, juu ya meza moja, humpaka mteja vumbi la chuma litakaloota kutu juu ya kitu kisichostahili kutu. Ukiingia karakana, tazama sakafu kabla ya kutazama picha za kazi zilizokamilika. Na ukipewa uchaguzi kati ya chuma kilichosuguliwa mistari na kile kinachong'aa kama kioo, chagua kinachong'aa kwa sehemu za nje; mistari ile huhifadhi chumvi, na ikiwa lazima iwepo basi isimame wima ili maji yateremke.

Kuhusu mitindo, nimeona minne ikitumika hapa, nayo haina usawa hata kidogo. Wa kwanza ni nguzo za chuma zilizosimama kila baada ya mita moja au zaidi kidogo, kioo kikishikwa kwa klampu, yaani vibanio, zenye raba, na mshikio ukipita juu. Si wa kisasa sana, na wasanifu vijana huukejeli kwamba unakata mandhari ya bahari, lakini ndio niliouchagua na ndio ninaompendekezea mwenye nyumba wa kawaida. Kila sehemu yake inaonekana, inafikika kwa kitambaa, na inabadilishwa peke yake. Kioo kimoja kikipasuka, mshikio bado uko na mtu haanguki. Wa pili ni mfereji wa alumini, ambao mafundi huuita chaneli, unaofungwa sakafuni na kioo kusimamishwa ndani yake bila nguzo wala chochote juu. Huu ndio ulio ghali kuliko yote na ndio unaopendwa na wenye nyumba za ufuoni kwa sababu bahari huonekana bila kizuizi. Ni mzuri, sikatai, ila unataka fundi wa kiwango cha juu, kioo cha tabaka, na mambo mawili ambayo nitayaeleza hapa chini. Wa tatu ni vigingi vifupi vya chuma, spigoti, vinavyokibana kioo kwa chini. Hivyo naviona vinafaa kuzunguka bwawa la kuogelea lililo chini ardhini, lakini kwa roshani ya ghorofani, hapana. Wa nne ni vifungo vya duara vinavyopenya matundu ya kioo na kukishikilia kwenye ubavu wa sakafu. Kwa ngazi za ndani vinapendeza sana na huacha upana wote wa kidato, mradi ubavu huo uwe wa zege.

Neno hilo zege halina budi kukaziwa, kwa kuwa nyumba zetu nyingi kuta zake ni za mawe ya matumbawe. Jiwe hilo ni jepesi, ni poa, limejenga mji huu kwa karne nyingi, lakini boliti ya kupanuka ikikazwa ndani yake hulimega. Reli ya kioo isiyo na nguzo hufanya kazi ya wenzo: mtu akiegemea juu, nguvu yote hushuka ikajilimbikiza kwenye boliti za chini. Kiwango cha Uingereza kwa roshani za nyumba ya familia moja ni kilonyutoni 0.74 kwa kila mita ya urefu, takriban uzito wa kilo 75 ukisukuma kwa upande, kwenye urefu wa mita 1.1 kutoka sakafuni. Hakuna tofali la matumbawe litakalovumilia hilo. Nyumba isiyokuwa na boriti ya zege kwenye ukingo wa roshani ijengewe kwanza, au irejee kwenye nguzo zenye bamba pana lililoshikwa kwa gundi ya epoksi ndani ya zege la sakafu. Fundi anayekuja kupima bila kugonga ukuta wala kuuliza umejengwa kwa nini, mpe chai, umshukuru, na utafute mwingine.

Mambo mawili ya mfereji niliyoahidi ni maji na gundi. Mfereji ni birika refu. Mvua ikinyesha unajaa, na kama haukutobolewa matundu ya kutolea maji, ukingo wa chini wa kioo cha tabaka hulala ndani ya maji yenye chumvi. Utando wa katikati huanza kufa kuanzia ukingoni, na utaona weupe kama wa maziwa ukipanda kidogokidogo juu ya kioo, weupe usiosafishika. Gundi nayo hutambulikana kwa pua. Silikoni ya bei rahisi ikifunguliwa hunuka siki, na asidi hiyo hudhuru utando wa kioo cha tabaka na huchochea kutu kwenye chuma. Inayotakiwa ni ile isiyo na asidi, ambayo haina harufu hiyo kali. Simama karibu fundi anapokata mdomo wa chupa, unuse. Vilevile pale ambapo boliti ya chuma cha pua inakutana na alumini, wasikutane uso kwa uso: lazima kuwe na washa, yaani kipete bapa, ya nailoni kati yao, kwani metali mbili tofauti zikilowa maji ya chumvi, alumini huliwa na kubaki unga mweupe. Katika nyumba moja ya ufuoni niliukwangua unga huo kwa kucha, na boliti ikatikisika.

Limebaki suala ambalo picha za matangazo hazilionyeshi kabisa, nalo ni hewa. Roshani ya Kimvita si mahali pa kusimama na kutazama tu. Ni mahali pa kutandika mkeka baada ya alasiri, watu wakae chini, kahawa iteremshwe. Kioo kinachoanzia sakafuni hadi mita moja na ushei huukata upepo pale hasa mtu aliyeketi mkekani anapouhitaji, na wakati wa kaskazi, jua likiwa upande wa roshani, roshani hugeuka tanuri. Babu zetu walilitatua hili kwa roshani za mbao zenye vimiani, kama zinavyoonekana mpaka leo Mji wa Kale: upepo unaingia, aliye ndani anaona, aliye nje haoni. (Mwenye nyumba ndani ya Mji wa Kale asijisumbue na vioo, eneo hilo ni la hifadhi chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na sura ya mbele ya nyumba haibadilishwi kiholela, na nadhani ni kheri iwe hivyo.) Kwa kioo, dawa ni kuacha nafasi chini na kati ya kioo na kioo, isiyozidi milimita 100 ili kichwa cha mtoto kisipite. Sisi tuliacha 80 chini, na upepo unapita vizuri. Ama faragha, kioo cha ukungu kinasaidia mchana, lakini usiku taa ya ndani ikiwaka hutoa kivuli cha mtu kamili. Kina mama wa nyumba waulizwe kabla ya kuagiza, si baada.

Ua wa kioo kuzunguka kiwanja kizima siupendekezi hata kwa mwenye uwezo. Hapa mpaka wa nyumba unalindwa kwa ukuta wa mawe na, kwa wengi, nyaya za umeme juu yake, na kioo hakiwezi kuchukua kazi hiyo. Mahali pake ni ndani ya ua: kutenga bwawa, kuzunguka bustani ya juu ya paa, au kukinga meza ya chakula upande wa kusi. Kwa bwawa, kiwango ninachokiona kuwa cha busara zaidi ni cha Australia, nchi ambayo imelishughulikia jambo hili kwa ukali kwa sababu ya watoto waliozama: ua usiopungua mita 1.2, nafasi ya chini isiyozidi milimita 100, na mlango unaofunguka kuelekea nje ya bwawa na kujifunga wenyewe. Kitu cha kuparamia, kiwe kiti au chungu cha maua, kisikae karibu na ua huo. Bawaba za mlango ndizo huchoka kwanza, na hapo tena daraja la chuma lina neno.

Utunzaji ni kazi halisi, na anayekuambia kioo hakihitaji matunzo hajaishi na kunguru wa Mombasa. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na chokaa. Ukioshea vioo kwa hayo na kuviacha vikauke juani, huacha madoa meupe ambayo baadaye huondoka kwa siki na jasho tu. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora kuliko yote. Kioo chetu hufutwa kwa maji hayo na sabuni laini, na chuma huoshwa kila juma wakati wa kusi, zaidi zile sehemu zilizo chini ya paa. Waya wa kusugulia sufuria usiguse chuma cha pua kamwe, maana huacha chembe za chuma ambazo zitashika kutu siku ya pili. Klampu na boliti hukaguliwa kila mwaka, na raba iliyokakamaa hubadilishwa kabla kioo hakijaanza kugusana na chuma.

Upande wa huduma, karakana iliyonifanyia kazi niipe haki yake: walikuja kupima baada ya vigae kuwekwa na si kabla, walileta mchoro wenye kipimo cha kila kioo, na walikubali kuandika kwenye mkataba daraja la chuma na aina ya gundi. Walichelewa kuliko walivyoahidi, na vumbi la kutoboa walituachia sisi tulifagie, lakini hayo ni ya kuvumilika. Wapo wengine waliotaja bei ya chini kwa kila mita ya urefu, na nilipoomba neno "316" liandikwe kwenye karatasi, bei ikapanda palepale au simu zikaacha kupokelewa; ikawa ombi hilo moja limenichujia wauzaji kuliko maswali mengine yote. Dhamana waliyonipa inahusu kioo peke yake, jambo ambalo ni la kawaida hapa, na nililazimika kubishana hadi ikaongezwa kutu ya klampu na nguzo kwa muda uleule. Anayeagiza aombe pia klampu na raba za akiba za muundo uleule, kwa kuwa miundo hubadilika kila shehena, pamoja na nakala ya vipimo vya kila kioo, ili siku kimoja kikivunjika kiagizwe bila kubomoa kilicho jirani yake.